Neno Alilolikata Mpiga Mbiu

Jumanne, tarehe kumi na mbili ya mwezi wa Mfunguo Sita, saa tisa na robo ya alasiri, katika mji wa Shamsabadi uliotawaliwa na Sultani Maimuni bin Fakhri, sindano ya mwisho ya Bi Mwanakheri ilivunjika, nusu ikabaki ndani ya kofia aliyokuwa akiidarizi na nusu vidoleni mwake. Alikuwa mjane wa miaka saba, na tangu eda yake iishe hakuna aliyempigia hodi ila wateja wa kofia, nao walikwisha kupungua pamoja na nuru ya macho yake. Mtungini mlibaki konzi moja ya unga. Akakaa, na ukimya wa nyumba ile ukamkalia yeye.

Hapo ikasikika hodi.

"Karibu," alisema, na ukavu wa sauti yake ukamshangaza mwenyewe.

Haukufunguka mlango bali ukuta, na akatoka jini mrefu hata ikambidi ainame chini ya boriti, na shingoni ana mkufu wa fedha, na kwenye mkufu ufunguo mmoja.

"Usiogope, Bibi yangu. Mimi ni Shamhuri, mtumishi wa pete ya Sultani. Nimelinda fungu lako ghalani miaka saba, mchele na samli na asali na nguo. Nimechoka kulitazama."

"Umekosea nyumba, baba. Lile ni la wasiojiweza. Mbiu naisikia kila mwaka, nami najiweza. Nashona."

"Unashona na nini?"

Akaitazama nusu ya sindano vidoleni mwake.

"Bibi, mpiga mbiu wetu ana pumu na ana uvivu, sijui kipi kimezidi," alisema jini. "Sultani alitamka hivi, nami nilikuwapo: 'Kila mjane aliyemaliza eda na hana wa kumpigia hodi, ana haki katika ghala yangu, awe anajiweza au hajiwezi.' Yule akaona maneno ni marefu, akayakata, akabakiza 'hajiwezi' tu. Tangu hapo ghala imejaa, na wenyewe wamejifungia majumbani, kila mmoja akidhani anaitwa mwingine."

"Basi niletee."

"Ningeweza, ningeleta mwaka wa kwanza. Sharti mwenye haki apige hodi ghalani mwenyewe, ndipo pete iniachie. Na haki hii hudumu miaka saba tu: ikipita adhuhuri ya kesho, fungu lako linarudi hazina, nami narudi chupani nilimotolewa, miaka mia, peke yangu."

Neno lile la mwisho alilisema polepole, na Bi Mwanakheri akalitambua kama mtu anavyotambua nguo yake mwilini mwa mwingine.

"Mtaa huu kuna mwingine?"

"Bi Tufaa, mlango wa tatu. Kwake siruhusiwi kuingia; pete imeniruhusu nyumba moja tu."

"Namsikia akikohoa. Nilidhani ana watu wake."

"Naye hudhani wewe unao. Anakusikia ukizungumza."

"Nazungumza na kofia," alisema, na akacheka kidogo.

Asubuhi yake Bi Mwanakheri alijitanda ushungi wa harusi yake, maana ndio pekee usio na kiraka, akatoka, na njia ya ghala ikawa kushoto, naye akapinda kulia. Akapita mlango wa kwanza na wa pili, na kwenye wa tatu akasimama kitambo, kwa kuwa miaka saba ni mingi na mkono husahau. Kisha akapiga hodi. Alipoitikiwa karibu, kwa sauti kavu kama yake, akasema:

"Bi Tufaa, vaa viatu. Tunaitwa."