Ngiri Apanuliwa Shamba Mara Tatu

Niwape?
Tupe!
Yenye chumvi au chapwa?
Tia chumvi!

Basi sogeeni. Mimi shule niliishia darasa la tano, si kwa ujinga. Mwalimu wa hesabu alichoka kushindwa na mimi.

Zamani Buku, yule panya wa porini, alilima mihogo mlangoni pa shimo lake, chakula cha wanawe. Jirani yake Ngiri alikuwa na shamba la pembe nne, kila pembe kigingi. Akala mihogo yake yote, kwacha kwacha, akaanza kuitolea macho mihogo ya Buku.

"We kapanya! Shamba langu dogo. Kesho nachukua lako."

"Hiki kijishamba, mheshimiwa? Hakikujazi hata jino. Nikupanulie lako mara tatu?"

"Mara tatu?" Mate chururu.

"Tunapima kutoka shimoni kwangu. Kila kigingi tunang'oa, tunakipeleka mara tatu ya umbali wake. Ukishika papya, pa zamani umepaacha. Sawa?"

"Sawa! Ng'oa!"

Kigingi cha kwanza kilikuwa hatua ishirini mashariki ya shimo, kumi kaskazini. Buku akang'oa, ng'o! Akakipeleka hatua sitini mashariki, thelathini kaskazini, akakigongomea, ko ko ko! Cha pili, ng'o! ko ko ko! Cha tatu, ng'o! ko ko ko! Na cha nne.

Ngiri akakunja uso. "Usinichezee. Nitajuaje ni mara tatu?"

"Gawa, mzee wangu. Hatua mpya kwa hatua za zamani."

Ngiri akagugumiza. "Sitini kwa ishirini, tatu. Thelathini kwa kumi, tatu. Ehee! Kumbe u mwaminifu!"

"Najitahidi."

Hesabu ilikuwa sawa, na shamba kubwa kweli. Ila lilikuwa limehama lote, limeangukia kwenye kichaka anacholala Simba mchana. Ngiri aliuliza ukubwa, hakuuliza mahali.

Akaenda kuhamia. Sasa Ngiri, mnamjua, nyumbani huingia kinyumenyume, matako kwanza. Akarudi nyuma, akarudi nyuma, mpaka matako yakagusa sharubu.

"Nani huyo?" akauliza bila kugeuka.

"Mwenyeji," akajibu Simba. "Karibu. Tena umeanza na upande wenye nyama!"

Mama yangu! Ngiri alitoka mkia juu, puruuu! Hajaonekana tena.

Buku akatazama shamba la zamani la Ngiri, halina kigingi hata kimoja. Akapanda mihogo.

Funzo, wanangu: tosheka na kidogo ulicho nacho, kama Buku, mwenye mashamba mawili.

Ngano yangu imechoka, inakwenda kulala. Asiyeamini akapime mwenyewe.