Ufunguo wa Banda la Dobi

Hapo zamani, wala si zamani sana, siku ya Alhamisi tarehe kumi na mbili Shaabani, saa tisa na nusu alasiri, mume wangu Semhando aliiweka chini pasi ya mkaa, akasema anajinyoosha kidogo. Hakuinuka tena.

Alikuwa dobi hapa Muheza. Aliniachia watoto wanne na banda lenye wafanyakazi watatu: Mwanaidi anayefua, Mhina anayepiga pasi, na Tunu anayepokea nguo na kuwarudishia wenyewe. Nikaingia edani. Miezi minne na siku kumi sikutoka nje. Mambo ya banda niliyasikia nyuma ya pazia.

Nilijua wateja watatawanyika, maana mtaani kuna dobi mwingine, ana mashine. Hawakutawanyika. Waliokuwa wakija mara moja kwa mwezi wakaja kila wiki. Nikamshukuru Mungu, kisha nikatia shaka. Watu hawarudi bure.

Eda ilipokaribia kwisha, nikawaambia wafanyakazi ufunguo wa banda nitampa mmoja wao awe msimamizi, yule anayewarudisha wateja. Nikikosea, wateja watahama, na wanangu wanakula banda hilo hilo.

Akaja Mwanaidi, akaketi upande wa pili wa pazia.

"Mama, ni mimi. Mtu akivaa kanzu niliyoifua mimi, msikitini wanamuuliza kaifulisha wapi."

"Unatia nini kwenye maji?"

"Buluu ya kung'arishia nguo, mama. Na mikono yangu."

Nikasikiliza. Alipoondoka, Mhina, aliyekuwa akingoja zamu yake, akasema, "Mikono gani? Anatia dawa kali. Nguo inang'aa, lakini mwaka hauishi imeshachakaa."

Nikapapasa kola ya kanzu ya marehemu. Ilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Lakini kanzu ile nayo ilikuwa ya siku nyingi.

"Na wewe je, Mhina?"

"Mimi, mama, niliiunguza kanzu ya Mwalimu Athmani siku moja kabla ya Idi. Sikuificha. Nilikwenda kwake mchana kweupe na kanzu yangu mpya mkononi, nikamwambia vaa hii, kosa ni langu. Tangu hapo Mwalimu analeta nguo za ukoo mzima."

Nikasikiliza. Moyo ukalainika. Tunu, aliyekuwa mlangoni, akacheka.

"Mama, muulize. Pasi imemtii miaka saba. Kwa nini ikaasi siku ya kanzu ya mtu mwenye jamaa wengi?"

"Unasema niliiunguza makusudi?"

"Mimi nimeuliza tu, kaka."

Kisha Tunu akasema yake. "Mimi nawajua wateja, mama. Huyu anauguliwa na mama yake, namuuliza hali. Yule kasahau barua mfukoni, namrudishia imekunjwa vilevile, na sisemi neno kwa mtu."

"Imekunjwa vilevile baada ya kusomwa," akasema Mhina. "Watamhama vipi mtu anayejua ya mifukoni mwao?"

"Nimeishia darasa la tatu, Mhina. Barua za watu zitanishinda."

"La tatu linatosha."

Tunu akageuka, akaenda zake. Nami sikujua kama amekasirika au amekamatwa.

Siku ya mwisho ya eda akaja Mwalimu Athmani kunipa pole. Nikamuuliza, "Mwalimu, mnarudi bandani kwa sababu ya nani?"

"Shemeji, kwa ajili ya marehemu. Hakuwahi kupoteza nguo ya mtu."

Alijibu upesi mno.

"Si kwa weupe wa nguo?"

"Weupe nao upo."

"Si kwa kanzu ya Mhina?"

"Kanzu ninayo, ni nzuri."

"Si kwa barua?"

"Barua gani, shemeji?" Akaaga, na chai hakuimaliza.

Nikabaki na ufunguo mkononi. Mwanaidi huwapa watu weupe, na pengine anazila nguo zao. Mhina alitoa kanzu yake mwenyewe, na pengine alitega. Tunu anawajali, na pengine anawatisha. Au wote watatu ni wema, na mbaya ni moyo wangu uliofiwa.

Ninyi mnaonisikiliza, mna dobi wenu, mna kinyozi wenu, mnajua kinachowarudisha kwao. Je, nani alistahili ufunguo?

Mola amsamehe Semhando, ampanulie kaburi lake, nasi atupe mwisho mwema. Amina.