Shajara za Tope

Zamani, wanyama walipokuwa na maneno mengi kuliko maji, ukame uliingia nchi ya Simba ukakataa kutoka. Mito ikakauka, visima vikakauka, likabaki bwawa moja tu lililozungukwa na tope. Simba akaamuru kila mnyama anywe funda moja asubuhi na funda moja jioni. Amri ilikuwa nzuri, lakini kiu haijui amri. Kila siku ikawa ni kusukumana, kutukanana na kung'atana.

Aliyeumia zaidi ni Bi Swala. Mwanawe alikuwa bado ananyonya, na maziwa yalikuwa yamemkauka. Kila alipokwenda bwawani alikuta maji yamepungua, akarudi na hofu, akakesha akizitazama mbavu za mwanawe.

Siku moja Sungura alipanda juu ya kichuguu, akasafisha koo.

"Ndugu zangu," alisema, "shida yetu si maji. Shida yetu ni mioyo. Mioyo yetu ina kelele."

Shida yao ilikuwa maji, na hata kipofu angeliona hilo. Lakini Sungura alilisema kwa sauti laini, macho ameyalegeza, na Simba, ambaye kwa sababu ya hasira hakuwa amepata usingizi tangu ukame uanze, akatega sikio.

"Sasa tufanyeje, Sungura?"

"Kila alfajiri, Mfalme, tuligeuzie bwawa mgongo ili tusitamani. Tufumbe macho, tuvute pumzi taratibu, tutafakari. Tukimaliza, kila mmoja aandike kwenye tope yaliyompitia moyoni. Hiyo ndiyo shajara. Fanyeni kila siku bila kukosa, mtaona nafsi zinavyotakata."

"Na wewe je?" Fisi aliuliza.

"Mimi ni mwalimu, Bwana Fisi. Mwalimu akifumba macho, nani atawalinda?"

Wakakaa. Macho yalipofumbwa, mwalimu akatoa kibuyu kichakani, akanyata hadi bwawani, akakijaza na kwenda kukificha shimoni kwake. Nia yake ilikuwa moja: bwawa likikauka, yeye peke yake abaki na maji, na hata Simba ampigie magoti.

Siku za mwanzo shajara zilikuwa kichekesho. Simba aliandika, "Mimi ni mkuu." Kesho yake akaandika, "Bado ni mkuu." Fisi aliandika, "Nimewaza mfupa," na siku iliyofuata, "Nimewaza mfupa mwingine." Sungura alipita akisoma, mikono nyuma.

"Maendeleo mazuri," alisema.

"Lakini mwalimu, mbona maji yanazidi kupungua?" Bi Swala aliuliza.

"Ni jua hilo, dada yangu. Jua linakunywa bila kuomba ruhusa."

Kilichomponza Sungura ni kwamba dawa yake ya uongo iliponya kweli. Wanyama walitulia. Ugomvi ulipungua. Simba alianza kupata usingizi, na asubuhi moja akaandika, "Jana nilimngurumia mke wangu bure. Nimemwomba radhi." Na moyo ukishatulia, masikio nayo huzibuka.

Alfajiri moja, katikati ya kimya, ikasikika: gudu-gudu-gudu.

"Samahani wenzangu," Fisi alinong'ona. "Ni tumbo langu."

Gudu-gudu-gudu.

"Hilo sasa si langu. Langu nalijua, nimekua nalo."

"Hizo ni sauti za ndani, Bwana Fisi," Sungura alisema kutoka nyuma yao, akihema kidogo. "Ziache zipite."

Walipofumbua macho, mwalimu alikuwa ameshaondoka kwenda shimoni kwake. Bi Swala akaandika: "Nikifumba macho nasikia maji yakichotwa. Nadhani kiu imenitia wazimu."

Simba aliyasoma maneno hayo, akaguna. Yeye mwenyewe alikuwa ameandika, "Nimesikia maji," akidhani ni ufunuo wanaopewa wafalme tu. Akageukia shajara ya Fisi. Ilisema, "Si tumbo langu."

"Haiwezekani," Simba alisema kwa sauti ya chini. "Moyo wangu na tumbo la Fisi vimejuana lini hata visikie kitu kimoja?"

Kesho yake walikaa kama kawaida. Sauti ilipoanza, wote wakageuka kwa pamoja. Sungura alikuwa ndani ya maji hadi magotini, kibuyu mkononi.

"Nilikuwa... napima kina," alisema.

Walikwenda kufukua shimo lake, vibuyu vikatoka kimoja baada ya kingine. Bi Swala hakungoja amri. Alikunywa kibuyu cha kwanza mpaka machozi yakamtoka, kisha akamkimbilia mwanawe.

"Tumle!" Fisi alisema, mate yakimdondoka.

"Zamani ningemrarua," Simba alijibu. "Lakini amenifundisha utulivu, na mimi ni mwanafunzi mzuri. Sungura, ligeuzie bwawa mgongo. Fumba macho. Ukimaliza, andika neno moja la kweli, ndipo unywe."

Sungura alikaa kidogo, akaandika, "Mwalimu hana kinyongo." Simba akafuta. Akaandika, "Nilifanya kwa ajili yenu." Simba akafuta. Jua likapanda, masikio ya Sungura yakalegea, ulimi ukakauka. Kwa mara ya kwanza maishani alikaa na nafsi yake, na humo ndani hakumkuta hata mmoja wa kumdanganya. Aliogopa sana.

Jioni akaandika, "Nina kiu."

Bi Swala, aliyekuwa amerudi na mwanawe ubavuni, aliyasoma maneno yale kwa makini.

"Hilo ni la kweli," alisema. "Mpeni funda. Moja tu."

Mchimba kisima huingia mwenyewe.