Nyimbo za Bi Skolastika

Kikwaruzacho kinaaga. Mmenisikia nikimwambia jirani maneno hayo, nanyi wajukuu zangu mnataka kujua yametoka wapi. Yalizaliwa hivi.

Tekla Mhagama alikuwa mwalimu mjini Songea. Mama yake, Bi Skolastika, alijua nyimbo za Kingoni za kubembelezea watoto, ambazo wenzake wote waliozijua walikuwa wamezikwa nazo. Tekla alimrekodi, akazihifadhi kwenye kompyuta yake, akaridhika. Haukupita muda mrefu, kiharusi kikamwangusha mama. Kilimwachia uhai, kikamnyang'anya sauti.

Baadaye kompyuta ikaanza kutoa mlio, krr, krr, kama kucha juu ya bati. Mafaili yakawa yanachelewa kufunguka. Mengine yalikataa kabisa. Tekla alikuwa na mitihani ya kusahihisha. Akaongeza sauti ya redio, akaendelea na kazi.

Jumapili moja mdogo wake Longino, fundi kompyuta, alikuja kumjulia hali mama. Aliusikia mlio ule kabla hajaketi. Akaikagua diski ya kompyuta kwa programu ya kuipima, na uso ukamshuka.

"Dada, diski inakufa. Hizi nyimbo za mama umeziweka wapi pengine?"

"Sijaziweka popote. Lakini si bado inawaka?"

"Hata anayekata roho bado anapumua, dada. Tuhamishe sasa hivi. Tutangulize nini? Huenda tusifike mwisho."

Tekla alizifikiria picha za marehemu mume wake, ambazo zote zilikuwa humo humo.

"Nyimbo," akasema.

Nyimbo tatu zilivuka salama. Wimbo wa nne ulipofika katikati, diski ikakwaruza kwa nguvu, ikagonga, ikanyamaza. Longino alijaribu tena na tena. Haikuamka.

Wakamwekea mama kile kipande cha wimbo wa nne. Bi Skolastika alipoisikia sauti yake mwenyewe, midomo ikaanza kuifuata. Wimbo ukakatika, midomo isisimame. Iliendelea kimya kimya hadi mwisho wa wimbo. Tekla aliinama karibu, akaitazama kwa makini. Hakuyatambua maneno.

"Ile diski ilikuwa inaniaga," akamwambia Longino huku machozi yakimtoka, "mimi nikadhani inanipigia kelele."

Tangu hapo, Tekla akiona ufa ukutani, au akimsikia mtu akisema kikohozi chake si kitu, hana maneno mengi. Husema tu: kikwaruzacho kinaaga.