Uso wa Mama Mlangoni

Sifa ya mchovu haina macho.

Methali hii ilianza hivi. Lakini kaeni chini kwanza, msinisimamie kichwani. Mmemsikia mama yenu akiisema jikoni, mkacheka, mkadhani ni kisirani chake tu. Haya. Nimetoka shamba la chai, miguu inawaka moto, kwa hiyo nasimulia mara moja. Atakayesinzia, shauri yake.

Hapa Tukuyu palikuwa na mpiga picha akiitwa Ambakisye. Miaka thelathini na ushei alikuwa na studio yake kwenye njia ya sokoni, amepiga maharusi, vipaimara na mahafali hadi basi. Kisha simu zenye kamera zikaingia, kila mtu akawa mpiga picha. Ambakisye hakununa. Alitangaza kanisani kwamba kila Jumamosi anayetaka kujifunza alete picha zake, atamwambia palipo pazuri na panapotaka marekebisho. Bure kabisa.

Masikini, hakujua anajiitia nini. Watu walijaa mpaka barazani. Na mwanzoni mzee alifanya kazi kweli. Alivaa miwani, akashika simu moja baada ya nyingine, akasema, "Hapa mtoto umempata, anacheka kicheko chake mwenyewe. Lakini tazama, mgomba umemwota kichwani. Siku nyingine sogea kushoto kidogo." Wapo walioshukuru. Lakini binadamu! Mmoja alinuna wiki tatu. Mwingine alimleta shangazi yake aje kuuliza fundi ana wivu gani na watoto wa watu. Wanakwaya nao wakasema mzee anaringa. Magoti yalikuwa yanamuuma, na mvua ya Tukuyu mnaijua, haina likizo.

Akachoka. Si ule uchovu wa kulala ukaamka mzima. Ule mwingine, unaoingia mpaka kwenye ulimi. Akagundua kwamba neno moja humaliza maneno yote: "Nzuri." Unaleta simu, anatupa jicho, "Nzuri." Wewe unaondoka unacheka, yeye anabaki na amani yake. Miwani ikahamia kwenye droo.

Miongoni mwa waliokuja alikuwamo Subilaga, muuza ndizi. Mama yake, Tupokigwe, alikuwa mgonjwa, na hospitali walikuwa wameshasema arudishwe nyumbani tu. Subilaga hakuwa na hata picha moja ya mama yake, maana bibi yule alikimbia kamera tangu ujana wake. Sasa mwenyewe alikuwa amekubali. "Nipige," alimwambia binti yake, "vitukuu wangu waje wanijue." Subilaga hakutaka kingine duniani. Alitaka uso ule ubaki.

Mama alipenda kukaa kwenye kigoda karibu na mlango, amelielekea jiko, mlango wazi nyuma yake. Subilaga alisimama ndani akampiga hivyo. Simu yenyewe ilikuwa na kioo kilichopasuka, na uso aliuona kwa sababu alikuwa anaujua.

Jumamosi ya kwanza alimwonyesha Ambakisye. "Nzuri," mzee alisema.

Jumamosi ya pili akarudi na nyingine za mlangoni. "Baba, mimi naona kama kuna giza giza hivi."

"Nzuri, mama. Endelea hivyo hivyo," alisema Ambakisye, na mkono tayari umeshanyooka kupokea simu ya mtu mwingine.

Wiki haikuisha. Alhamisi mama akafariki. Ijumaa asubuhi Subilaga alikuja studio, amejifunga kanga kiunoni, macho mekundu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Pole sana, mwanangu. Nimesikia."

"Nimeshapoa. Naomba unisafishie picha kubwa ya kuweka juu ya jeneza. Ile uliyosema nzuri."

Ambakisye alitoa miwani kwenye droo, maana picha ya kusafisha lazima uitazame. Akaifungua kwenye kompyuta. Mlango ulikuwa unang'aa. Kilemba kilionekana. Chini ya kilemba palikuwa peusi tupu. Akaongeza mwanga, weusi ukawa kijivu kama majivu ya jana. Hakuna jicho, hakuna mdomo.

"Una nyingine?" aliuliza.

"Zote ni hizo za mlangoni."

"Hata moja ya nje? Ya uani?"

"Zilikuwepo," alisema Subilaga. "Siku ya kwanza kabisa nilimpiga uani, anamfukuza kuku, anacheka. Simu ikajaa. Wewe ulisema niendelee hivyo hivyo, nikajua za uani si kitu. Nikazifuta."

Jamani. Mzee alikaa chini. Miaka yote ile ya kazi haikuwa na dawa ya picha iliyofutwa.

"Nilikuwa nimechoka, mwanangu," alisema. "Sikuitazama."

Subilaga hakupiga kelele. Heri angepiga. Alisema tu, "Basi ungesema umechoka, baba. Ningerudi Jumatatu."

Tupokigwe alizikwa na picha ya kilemba na mlango. Watoto waliuliza huyu ni nani, na watu wazima wakawaambia wanyamaze. Ambakisye alikuwa amesimama nyuma, akawasikia wote. Aliona aibu mpaka alishindwa kula chakula cha msiba.

Jumamosi iliyofuata watu walikuja kama kawaida. Walimkuta na miwani usoni. Aliwatazamia watano, akawaambia yote, mazuri na ya kurekebisha. Wa sita aliponyoosha simu, mzee alivua miwani akasema, "Sifa ya mchovu haina macho. Njoo Jumatatu." Walionuna wakanuna. Walioelewa wakarudi Jumatatu.

Miezi ikapita. Siku moja akaingia Subilaga, hakuwa amekanyaga pale tangu msiba. Akaweka simu mezani. Ilikuwa picha ya mama yake mdogo, mdogo wake Tupokigwe, wamefanana hasa.

"Usiniambie nzuri," alisema.

Ambakisye aliitazama mpaka chai yake ikapoa. "Uso upo," alisema mwishowe. "Macho yote mawili nayaona, na mwanga umeuweka mgongoni mwako. Hapo umeweza, hongera. Lakini mikono umeikata, na mikono ya huyu ni ile ile ya marehemu mama yako. Rudi nyuma hatua mbili, umpige tena."

"Leo?"

"Leo hii. Si yupo bado?"

Subilaga alinyakua simu akatoka mbio, hata kuaga hakuaga.

Basi watu wa hapa wakaichukua kauli ile, wakaipeleka jikoni, darasani, kwa mafundi cherehani, kila mahali mtu anapomwuliza mwenzake, "Nimefanyaje?" Mama yenu amewaambia hivyo kwa sababu mlionja mboga yake huku mmesinzia, mkasema tamu.

Na wewe hapo, usinisogezee simu usoni. Nimeona kwamba ni picha, nami najua unataka kusifiwa. Sina nguvu hizo leo. Iache mpaka asubuhi, uniletee na miwani yangu. Sifa ya mchovu haina macho.