Kopo Lisilofunguliwa

Mtu akipita barabarani akaona mlango uliopakwa rangi vizuri, husema papo hapo kwamba nyumba ile ni njema. Hajui kama paa linavuja, wala hajui kama waliomo wamelala na njaa. Ndiyo maana wakubwa wetu hawakuishia kutuambia kwamba nyumba njema si mlango. Waliongeza na agizo, kwamba tufungue tuingie ndani. Nusu ya kwanza tunaikumbuka sote. Ile ya pili, yenye kazi, tunaisahau, na aliyeisahau kuliko wote alikuwa mwanamke mmoja ambaye riziki yake yenyewe ilikuwa kufungua milango.

Alikuwa msimamizi wa usafi katika hoteli ya ghorofa sita. Kila asubuhi wasafishaji walipomaliza vyumba, yeye alipita na kitambaa cheupe mkononi. Alikipitisha juu ya fremu za milango, nyuma ya televisheni na chini ya ukingo wa sinki. Kitambaa kikitoka na doa, chumba kilirudiwa. Wasafishaji walimpachika jina la Bi Kitambaa, naye alilijua na wala halikumuudhi. "Waniite watakavyo," alisema, "mradi vumbi linikimbie."

Nyumbani aliishi na baba yake, fundi saa mstaafu. Mzee huyo alihamia kwa bintiye baada ya kufiwa na mkewe, akaja na sanduku la nguo, kisanduku cha bisibisi ndogondogo, na tangi la samaki lenye urefu wa kitanda cha mtoto. Halikuwa tangi la samaki wa maji baridi. Lilikuwa la maji ya chumvi, na ndani yake matumbawe yalikuwa hai, yakifunguka taa ilipowashwa na kujikunja ilipozimwa. Tumbawe moja la kijani, lenye vidole virefu, lilianza kama kipande cha ukubwa wa ukucha, zawadi aliyopewa na mkewe siku aliyostaafu. Sasa lilikuwa kubwa kuliko kabichi. Samaki walikuwa wawili tu, wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, na hawakuachana hata dakika moja. Mzee aliketi mbele yao kila jioni. Mgeni akimuuliza anatazama nini, alijibu bila kugeuka, "Nazungumza na mke wangu, tafadhali subiri zamu yako."

Chini ya tangi, ndani ya kabati, mlikuwa na tangi la pili, dogo na wazi juu. Maji yalishuka kwa bomba, yakapita vyumba vitatu vya kioo vilivyonasa uchafu, kisha pampu ikayarudisha juu. Lilikuwa tangi la kazi, halikuwa la urembo. Lilibubujika mchana kutwa kama mtu anayesukutua mdomo, likarusha matone, na matone yakikauka yaliacha ukoko mweupe wa chumvi kwenye milango ya kabati. Mbao za chini zilianza kuvimba. Kila Bi Kitambaa alipopita na kitambaa chake, kilitoka kimechafuka, na moyo wake ukachafuka nacho.

Basi mzee alipokwenda kumtembelea dada yake kwa wiki tatu, binti aliona wakati umefika wa kumfanyia baba yake jambo jema. Alikwenda kwa muuza samaki wa mapambo, akarudi naye nyumbani na chujio la namna nyingine. Lilikuwa kopo la kijivu la mviringo, lenye kifuniko kilichobanwa kwa vibanio vinne na mirija miwili tu. Maji yaliingia kwa mmoja, yakapenya matabaka ya sifongo gizani, yakatoka kwa mwingine. Halikuvuja wala halikutoa sauti. Tangi la chini lilifunguliwa mabomba yake, likapelekwa stoo.

"Kopo hili ni zuri, bibie," muuza samaki alimwambia huku akikausha mikono. "Lakini kwa matumbawe ni lazima lifunguliwe na kuoshwa kila baada ya wiki mbili. Lile la zamani lilikuwa likikupigia kelele. Hili halilalamiki. Uchafu utaoza humo humo, nawe utaona maji maangavu tu."

"Usafi ndiyo kazi yangu," Bi Kitambaa akajibu, na kweli aliamini hakuhitaji kufundishwa.

Mzee aliporudi alisimama katikati ya sebule, begi bado mkononi. "Mbona kimya?" akauliza.

Binti akafungua kabati kwa madaha. "Tazama, baba. Chumvi hakuna, kelele hakuna."

Mzee aliinama kutazama, mkono mmoja ameuegemeza kwenye kabati. "Ahsante, mwanangu. Na ndani pakoje?"

"Ndani ni sifongo tu, baba. Kazi ni ileile."

"Lile la zamani uchafu wake nilikuwa nauona. Huu umewekewa kifuniko." Akatabasamu kidogo ili asimvunje moyo. "Unajua, saa haisimami siku inapoharibika. Huharibika mapema, ikaendelea kutembea, mwenyewe akaisifu. Ndiyo maana hata inayokwenda nilikuwa naifungua. Basi nisaidie kulifungua hili, maana mimi siku hizi kupiga magoti siwezi."

"Jumamosi, baba."

Jumamosi ile hoteli ilipokea mkutano. Iliyofuata wageni walikuwa wengi. Iliyofuata tena alikuwa hoi, na maji yalikuwa maangavu kiasi kwamba samaki walionekana kama wanaelea hewani, sasa afungue nini? Lakini kila Ijumaa, bila kukosa, alilipangusa kopo kwa kitambaa cheupe, na kitambaa kilirudi cheupe. Mzee alimkumbusha mara mbili. Mara ya tatu alinyamaza, kwa sababu mtu anayekula kwa mwanawe hujifunza kuhesabu maneno yake.

Miezi mitatu ikapita. Tumbawe la kijani likaanza kuwa la kahawia kwenye ncha za vidole, kisha vidole vikawa havifunguki vyema. Binti alidhani ni taa, akanunua nyingine. Tumbawe halikubadilika.

Kila asubuhi, mkoba begani na funguo mkononi, alisimama kwenye mlango wa chumba cha mzee.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Umeamkaje?"

"Sijambo kabisa."

Na kwa kumtazama, nani angebisha? Mzee alikuwa ameshanyoa ndevu, shati limepigwa pasi, soksi nyeupe zimevutwa hadi katikati ya miguu, hata siku za joto. Kisukari alikuwa nacho kwa miaka kumi, lakini vidonge alivimeza kwa wakati. Siku hizi alifua soksi zake mwenyewe, na binti aliwasimulia wenzake kazini kwa fahari kwamba baba yake hataki kumsumbua mtu. Chumbani mlianza kusikika harufu fulani hafifu. Akafungua dirisha, akaweka kikopo cha manukato ya maua, kama walivyofanya hotelini vyumba vilipokaa muda mrefu bila wageni.

Kisha transfoma ya mtaa ikalipuka. Umeme ulikatika Alhamisi mchana, na Ijumaa nzima haukurudi. Mzee aliketi kwenye kiti kando ya tangi akichota maji kwa jagi na kuyamimina kutoka juu, akachota tena akamimina tena, ili samaki wapate hewa. Usingizi ulipomzidi, binti alimpokea jagi.

"Sikiliza, mwanangu," mzee alimwambia. "Maji yaliyomo kwenye kopo yamefungiwa bila hewa siku mbili, pamoja na uchafu wa miezi. Umeme ukirudi, kopo lisiwake kabla hatujalifungua. Lichomoe kabisa."

"Nitalichomoa, baba. Pumzika."

Jumamosi asubuhi mzee alikuwa amejinyoosha kitandani. Binti alikuwa jikoni akimimina chai friji ilipotetemeka na taa kuwaka. Alifurahi mno. Akamaliza kumimina, akatia sukari, akakoroga, ndipo akakumbuka waya ule bado uko ukutani. Alikwenda sebuleni kwa haraka. Kopo lilikuwa limeshawaka lenyewe, kimyakimya, kama kawaida yake. Mrija ulikuwa ukitapika maji ya rangi ya chai ndani ya tangi. Akachomoa waya, lakini maji yaliyoingia yalikuwa yameshaingia. Samaki mmoja alikuwa amelala ubavu juu ya mchanga, na mwenzake alizunguka juu yake mara mbili tatu, kisha naye akalala. Kufikia saa nne tumbawe la kijani lilikuwa linamomonyoka vipande vipande kama sabuni iliyosahauliwa majini.

Kwa mara ya kwanza tangu kopo liletwe, Bi Kitambaa akapiga magoti na kufungua vile vibanio vinne. Sifongo hazikuonekana. Mlikuwa na tope jeusi lililojaa hadi juu, na uvundo wake ulimpiga usoni akaziba pua. Halafu mkono wake ukashuka taratibu. Uvundo ule ulikuwa mgeni sebuleni, lakini yeye hakuwa mgeni nao. Nyuma ya manukato ya maua, katika chumba cha baba yake, palikuwa na uvundo ndugu wa huu.

Aliingia chumbani bila kubisha hodi. "Baba, vua soksi."

"Ya nini asubuhi hii? Umeme umerudi?"

"Vua soksi, baba. Nakuomba."

Binti akapiga magoti tena, akaivuta soksi mwenyewe, polepole, ikakataa kidogo mahali ilipogandia. Ndani mlikuwa na kitambaa kilichokunjwa vizuri, kazi ya mikono ya fundi, na chini ya kitambaa unyayo ulikuwa na shimo. Vidole viwili vilikuwa vyeusi. Weusi ulikuwa umeshapanda.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu kwa shangazi yako. Nilikanyaga kitu, na kwa kisukari hiki sikusikia maumivu. Nikaona damu tu."

"Na mimi je? Niko hapa kila siku, baba! Nakuuliza kila siku!"

"Unauliza, mwanangu, Mungu akubariki. Ila unauliza ukiwa mlangoni, mkoba begani. Swali la mlangoni nalo jibu lake ni la mlangoni." Akautazama mguu wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Nyumba yako ni safi sana. Niliona aibu kuwa doa."

Binti alilia hapo hapo sakafuni, akiwa ameukumbatia mguu ule na uvundo wake wote, na safari hii hakufungua dirisha.

Hospitalini daktari hakumlaumu mtu, na afadhali angelaumu. Alisema tu kwamba miezi mitatu nyuma kilikuwa kidonda cha kuosha na kufunga. Sasa mguu ulikatwa chini ya goti.

Mzee alirudi nyumbani kwa kiti cha magurudumu. Tangi lilikuwa limekaushwa, mchanga umetolewa, kioo kimesuguliwa kikang'aa pasipo kitu ndani. Binti alimwambia kwamba muuza samaki yuko tayari kulirudisha lile tangi la chini kutoka stoo, lenye kelele na chumvi zake, na kwamba wanaweza kuanza upya na kipande kingine. Mzee akatikisa kichwa. "Mama yako hapandwi mara mbili," akasema. Hata hivyo kila jioni alijisukuma hadi mbele ya kioo kile kitupu, akakaa hapo, wala hakumtania mgeni tena kuhusu zamu.

Asubuhi ya kwanza ya kurudi kazini, Bi Kitambaa alifika mlangoni mwa baba yake, mkoba begani.

"Shikamoo, baba. Umeamkaje?"

"Marahaba. Sijambo kabisa."

Akaweka mkoba chini. Akavuta kigoda hadi kando ya kitanda, akauweka mguu uliobaki mapajani mwake, akaivua soksi, akatoa kitambaa cheupe, akakipitisha kati ya kidole na kidole, vyote vitano, kisha kwenye unyayo. Kitambaa kilitoka cheupe. Alikitazama kwa muda mrefu, asione pa kuiweka furaha yake, kwani upande wa pili wa kitanda shuka lilikuwa limelala bapa pasipokuwa na mguu. Hakika nyumba njema si mlango. Fungua uingie ndani.