Mawe ya Foleni

Hii nimeletewa na shemeji yangu wa Tabora. Nimeisoma mara tatu. Nyinyi mlioijua foleni ya sukari mtaelewa kwa nini.

Kulikuwa na msanii aitwaye Nyamizi. Alipanga sakafuni mawe thelathini kwa mstari mmoja mnyoofu, akachanganya na makopo na kapu bovu. Kazi hiyo akaiita "Tunasubiri", akaipeleka kwenye maonyesho Ulaya.

Wazungu waliizunguka wakinong'ona. Siku ya pili wakaanza kuweka ua kwenye kila jiwe. Kumbe wameona makaburi! Magazeti yao yakaandika kwamba mama huyu jasiri amefichua watu waliouawa na serikali yake. Nyamizi alieleza mpaka koo likamkauka. Walimwitikia kwa huruma, wakaongeza maua.

Aliporudi kuonyesha kazi ileile nyumbani, ofisa utamaduni, Bwana Kapufi, alikuwa ameshayasoma hayo magazeti. Alikuwa kijana nadhifu, aliyezaliwa sukari ikiwa tele madukani. Alikuja na barua ya katazo mkononi.

"Haya makaburi ni ya nani, mama?"

"Si makaburi, mwanangu. Ni foleni."

"Foleni gani haina watu? Kufikia saa sita uwe umeyaondoa. Na usionyeshe kazi tena mkoani hapa."

Nyamizi alikuwa hana kazi nyingine aijuayo. Akainama kuanza kuyaokota, machozi yakimtoka.

Hapo akaingia Bibi Kalunde wa mtaa wa pili, aliyekuja kutazama tu. Akayaangalia mawe, akacheka peke yake. Akavua kandambili moja, akaiweka nyuma ya jiwe la mwisho, akaenda zake kukaa barazani.

"Bibi, unafanya nini?" ofisa akamfuata.

"Nimeshika nafasi. Duka likifunguliwa mniite."

Wazee waliokuwepo wakaangua kicheko. Mmoja akapaza sauti, "Wa mwisho nani?"

"Mimi, kandambili ya bluu!"

Mzee yule naye akavua kofia, akaiweka nyuma ya kandambili.

Niliposoma hapo nilimkumbuka mama yangu na jiwe lake lenye alama ya chokaa, lililomshikia nafasi kwenye foleni ya sukari. Nimemkumbuka sana. Shida ilikuwa shida, siipambi. Lakini jiwe la mtu lilikuwa ni mtu, na hakuna aliyeliruka.

Bwana Kapufi hakucheka. "Mawe tu, bibi? Na watu hawakuyapita?"

"Uchungu wa kifungua mimba wangu ulinishika nikiwa kwenye foleni," akasema Bibi Kalunde. "Nikapelekwa hospitali, nikalala siku mbili. Nikajua nafasi imekwenda. Niliporudi, jiwe langu nililiacha la ishirini na kitu, nikalikuta la kwanza, mlangoni kabisa."

"Nani alilisogeza?"

"Sijui, mjukuu wangu. Mpaka leo sijui. Inaonekana kila mmoja alinipisha."

Ofisa akarudi ndani, akaikunja ile barua ya katazo mara nne, akainama na kuiweka sakafuni, nyuma ya kofia. Akatoka kwenda kukaa barazani na wazee.

Funzo: Mgeni huitazama sanaa kwa huruma yake na mkubwa huitazama kwa hofu yake; ukitaka kujua inasema nini, kaa kwanza na walioyaishi yaliyomo.